Alama za vinasaba kwenye damu na uraibu: tupime nini, na sampuli za Kigoma zifikeje salama?

Maabara_Gungu

Wakuu, habari za kazi. Tunaandaa andiko la utafiti mdogo wa watu 120 kutoka Kigoma Ujiji na Tabora mjini: 60 wanaotumia heroini au walio kwenye matibabu, na 60 wasiotumia. Damu itachukuliwa mara moja kwa kila mtu. Rasimu inataja alama nne (jeni, na kwenye mabano namba ya sehemu yake ya DNA): OPRM1 (rs1799971), DRD2/ANKK1 (rs1800497), CHRNA5 (rs16969968) na ALDH2 (rs671). Naomba msaada wa mambo haya:

1. Orodha hiyo ina mantiki kwa watu wa huku?
2. Tutumie vichupa gani, na damu ikae vipi hadi ifike maabara ya Dar es Salaam?
3. GeneXpert ipo hospitalini. Inaweza kufanya kazi hii?
4. Wazazi wanaulizia "kipimo cha vinasaba cha uraibu" walichokiona mtandaoni. Kipo kweli?

Jeni_Kitete

Mkuu, naanza na la tatu kwa sababu ni fupi. GeneXpert haifai. Kila katriji inakuja na viambuzi vyake vya TB, VVU na kadhalika, na huwezi kuingiza vyako. Unahitaji mashine ya PCR (inayozidisha vipande vya DNA) ya wakati halisi iliyo wazi, yaani inayokubali viambuzi vyako, yenye angalau rangi mbili, FAM na VIC.

Sasa orodha. Alama hizo zimetoka kwenye tafiti za Ulaya na Asia, na mhakiki yeyote anayejua vinasaba vya Waafrika atakushika hapo hapo.

rs671 ya ALDH2: aleli (toleo la jeni) ya A ni ya watu wa Asia Mashariki. Ndiyo inayowafanya wengi wao waive uso wakinywa pombe, na inawakinga kwa kiasi na ulevi. Kwa Mha au Mnyamwezi utasoma GG (nakala zote mbili ni G), GG, GG mpaka sahani ya vipimo iishe. Ifute.

rs16969968 ya CHRNA5: ni miongoni mwa alama zenye ushahidi mzito kabisa kuhusu idadi ya sigara kwa siku, lakini kwa Wazungu, ambao kwao A ni kama theluthi ya aleli zote. Kwa Waafrika ni adimu. Isitoshe, inahusu nikotini, na swali lako ni heroini.

rs1799971 ya OPRM1: hii ndiyo A118G, inayobadilisha kipokezi ambacho mofini na heroini hukamata. Kwa Wazungu G ni kama asilimia 15, Asia Mashariki inakaribia 40, kwa Waafrika ni asilimia chache tu. Piga hesabu kabla ya kununua kemikali. Tuseme ni asilimia 2. Watu 120 wana nakala 240 za jeni, kwa hiyo utafiti mzima utakuwa na G kama 5. Zigawanyike 3 kwa 2 au 4 kwa 1, hakuna jaribio la takwimu litakalokupa jibu.

rs1800497: hii haina shida ya uadimu, ni ya kawaida huku. Shida yake ni historia. Iko ndani ya ANKK1, jirani wa DRD2, na miaka mingi ilibebwa na tafiti ndogo ndogo zilizopingana. Uchambuzi mkubwa wa jenomu nzima uliochapishwa 2023, wenye watu zaidi ya milioni moja, wengi wao wa asili ya Ulaya, uliona sehemu 19 zinazohusiana na uraibu kwa ujumla, na eneo la DRD2 limo. Ila athari ya kila sehemu ni ndogo mno. Alama inayoongeza uwezekano kwa asilimia 10 au 20 hutaiona kwa watu 120, inadai maelfu.

Kuna jambo watu hulichanganya, bora andiko liliseme mapema. Tafiti za mapacha zinaweka mchango wa urithi kati ya asilimia 40 na 70 kutegemea dawa. Hiyo haina maana kwamba kuna jeni moja lenye asilimia 40. Ni maelfu ya tofauti ndogo zikijumlishwa, na alama ya jumla iliyokokotolewa kwa Wazungu hupoteza nguvu nyingi ikiletwa Afrika, kwa sababu mpangilio wa aleli zinazorithiwa pamoja ni tofauti na vipande vyetu ni vifupi zaidi.

Ushauri wangu: badilisheni swali. Badala ya "nani ana jeni la uraibu", ulizeni kitu ambacho watu 120 wanaweza kukijibu. Nina mawili akilini. La kwanza ni jeni zinazosaga dawa za matibabu (kama methadoni, inayotolewa badala ya heroini), hasa CYP2B6. Aleli ya 516T (rs3745274) ni zaidi ya theluthi huku kwetu. Ukichukua 0.37, kwa watu 120 utarajie kama 48 wa GG, 56 wa GT na 16 wa TT. Hapo una makundi ya kulinganisha. Ongeza rs28399499 (983T>C), ambayo karibu ni ya Waafrika peke yao. Ukiiacha utamhesabu mtu kuwa wa kawaida kumbe kimeng'enya chake kimelala. La pili ni alama za matumizi, zile zinazobadilika mtu anapotumia kitu. Wengine wataeleza.

Onyo moja la CYP2B6: ina pacha asiyefanya kazi, CYP2B7, anayefanana naye sana. Kianzishi cha PCR kisichochaguliwa vizuri kitakuza vyote viwili, na utaona GT za uongo kibao. Dalili yake ni kundi la GT kuvimba kupita kanuni ya Hardy-Weinberg (uwiano wa GG, GT na TT unaotarajiwa kutokana na wingi wa aleli). Jaribuni kwanza kwa DNA yenye jenotipu (GG, GT au TT) inayojulikana.

Sampuli_Ujiji

Namjibu mleta mada swali la pili, maana hapa ndipo tafiti nyingi za mikoani zinapofia.

Kwa DNA tumieni kichupa cha EDTA (kemikali ya kuzuia damu isigande), kifuniko cha zambarau. Heparini (kijani) inazuia PCR na kuitoa ni kazi. Kifuniko chekundu kinagandisha damu na chembe nyeupe zinanasa kwenye donge. Kumbuka chembe nyekundu hazina kiini, DNA yote unayoitafuta iko kwenye nyeupe. Mililita 2 hadi 4 zinatosha. Mililita moja ya damu hutoa takriban mikrogramu 30 za DNA, na jenotipu moja inadai nanogramu 10 hadi 20. Yaani mnapata akiba ya kutosha kurudia kila kitu.

Mkishajaza, pindueni kichupa taratibu mara 8 hadi 10. Msitikise. Kijazeni hadi alama: damu kidogo kwenye EDTA nyingi inaacha EDTA ya ziada inayokamata magnesiamu, na kimeng'enya cha PCR bila magnesiamu hakifanyi kitu.

Hifadhi ni nyuzi 2 hadi 8. Kwa DNA tupu damu inavumilia wiki nzima hapo, hivyo safari ya Kigoma hadi Dar es Salaam kwa ndege au hata barabara haina wasiwasi. Kinachoharibu ni pakiti za barafu kugusa vichupa. Damu inaganda, chembe zinapasuka, na ikifika inaziba vichujio vya kutolea DNA. Tenganisheni kwa kadibodi au kitambaa, vichupa vikae wima, vifungashio vitatu kama sampuli yoyote ya UN3373 (namba ya kimataifa ya kusafirisha sampuli za kibaolojia).

Wanaojidunga ni habari nyingine. Mishipa mingi imesinyaa au ina makovu. Tumieni sindano ya kipepeo ya geji 23 na kichupa cha mililita 2, kwa sababu kichupa kikubwa kinavuta kwa nguvu na mshipa unajifunga. Mkishindwa mara mbili acheni, hamieni kadi ya DBS (ya kukaushia damu) kwa tone la kidoleni. Kadi hizo mnazo tayari, ni zile za watoto waliozaliwa na mama wenye VVU. Jazeni duara lote kwa tone moja, msirudishie tone juu ya tone, msikamue kidole maana majimaji ya mwilini yanachanganyika na damu. Kausheni kwa mlalo, kivulini, saa 4 kwa uchache. Masika ya mwambao wa ziwa acheni usiku kucha. Kisha mfuko wa zipu, vifuko vya kunyonya unyevu na kadi ya kuonyesha unyevu. Kadi ikifungwa mbichi inaota ukungu, na ukungu nao una vimeng'enya vya kukata DNA.

Mpaka wa DBS muujue: kitobo cha milimita 3 kina kama mikrolita 3 za damu, yaani chini ya nanogramu 100 za DNA hata ukiitoa yote. Inatosha kwa jenotipu chache. Kwa metilesheni (alama za kemikali zinazobandikwa juu ya DNA), ambayo kawaida inaanza na nanogramu 500 na kemikali yake inakatakata DNA, haitoshi.

RNA (nakala zinazotolewa na jeni zilizowashwa) ni mnyama mwingine kabisa. Ikikaa kwenye EDTA, chembe zinaendelea kuishi na kubadilisha jeni zinazowashwa kwa saa chache tu, kwa hiyo mtapima safari badala ya uraibu. Kama mnaitaka kweli, tumieni kichupa cha PAXgene (chenye kemikali ya kutunza RNA): mililita 2.5, kivutwe mwisho baada ya vichupa vingine, kikae wima joto la chumba kwa saa 2 au zaidi. Kinavumilia siku 3 kwenye nyuzi 18 hadi 25. Huo "joto la chumba" si joto la Kigoma saa nane mchana juu ya kabati la bati. Mkigandisha, anzeni na -20 kwa saa 24 kwenye raki ya waya kisha -80. Kwenye raki ya povu vichupa hupasuka.

MaikroRNA (vipande vifupi vya RNA) za plazima nazo zina mtego wake. Chembe nyekundu zimejaa miR-451a na miR-16. Damu ikipasuka kidogo tu wakati wa kuchoma, namba zinaruka, na kwa kuwa wanaojidunga ni wagumu kuchomwa, damu yao inapasuka zaidi. Unapata "alama ya uraibu" ambayo kwa hakika ni alama ya sindano. Pimeni mwanga kwenye nanomita 414, na linganisheni miR-23a na miR-451a: tofauti ya Ct (mzunguko wa PCR ambapo kitu kinaanza kuonekana) ikizidi 7, itilieni shaka sampuli hiyo. Kwa bajeti ya watu 120, mimi ningeiacha RNA yote.

Jeni_Kitete

Naongeza kwa Sampuli_Ujiji: Kigoma na Tabora zina malaria nyingi. Vimelea vinabadilisha uwiano wa chembe nyeupe na jeni zinazowashwa ndani yake. DNA ya kurithi haijali, lakini RNA na metilesheni zinajali sana. Siku ile ile ya damu fanyeni picha kamili ya damu yenye mgawanyo wa chembe nyeupe, na slaidi ya malaria. MRDT (kipimo cha haraka cha malaria) ya HRP2, protini ya kimelea, peke yake haitoshi kwa sababu inabaki chanya wiki kadhaa baada ya mtu kupona. VVU, TB na homa ya ini C pia ziandikwe. Kwa wanaojidunga hizo haziko mbali. Na aliyeongezwa damu hivi karibuni subirini, kuna chembe za mtu mwingine ndani yake.

Famasia_Isevya

Upande wa dawa, CYP2B6 ni chaguo zuri lakini msilitie chumvi. Aliye na TT anasaga methadoni polepole, hasa umbo la S (moja kati ya maumbo yake mawili), lile ambalo halipunguzi arosto sana ila linachangia kurefusha QT (muda wa umeme wa kila pigo) kwenye moyo. Kwa hiyo mnaweza kutarajia kiwango cha juu zaidi kwenye damu kwa dozi ile ile. Lakini dozi ya methadoni haipangwi kwa jenotipu. Inaanza chini na kupandishwa kwa kumtazama mtu: jasho, miayo, mboni za macho, usingizi.

Kinachotikisa methadoni kuliko jeni yoyote ni rifampisini, dawa ya TB. Inaamsha vimeng'enya, kiwango cha methadoni kinaporomoka ndani ya siku chache hadi wiki mbili, mteja anaingia arosto na wengine wanarudi kwenye unga. Efavirenzi, ambayo ni ARV, inafanya jambo la namna hiyo kwa kiasi chake. Dolutegraviri, ambayo ndiyo wengi wako nayo sasa, haina tatizo hilo. Msipoandika dawa za TB na ARV za kila mtu, matokeo yenu ya CYP2B6 yatakuwa kelele.

Fomu yenu iwe na dozi kwa miligramu, siku tangu dozi ilipobadilishwa mara ya mwisho (chini ya siku 5 kiwango hakijatulia), saa ya dozi iliyopita na saa ya damu. Damu itolewe kabla tu ya dozi ya siku hiyo, saa 24 baada ya iliyotangulia. Na ECG (kipimo cha umeme wa moyo): QTc, yaani QT iliyorekebishwa kwa kasi ya mapigo, ikifika milisekunde 500 hiyo si data tena, ni mgonjwa wa kumwona daktari siku hiyo hiyo.

Maabara_Gungu

Asanteni sana, wakuu. Nimefuta alama tatu tayari. Swali la nyongeza: wengi wa washiriki wanavuta sigara na kunywa, na hatutaki kutegemea maneno matupu. Jeni_Kitete alitaja alama za matumizi. Kwa Tabora nafikiria kotinini (kinachobaki mwilini nikotini ikishasagwa), kuna shida?

Takwimu_Urambo

Ipo, na ni ya Tabora hasa. Anayechuma majani mabichi ya tumbaku asubuhi yenye umande anafyonza nikotini kupitia ngozi. Kotinini yake inapanda hata kama hajawahi kuwasha sigara. Msimu wa kuchuma, Urambo, Kaliua na Sikonge, utawahesabu wakulima kuwa wavutaji. Na inatoweka haraka: nusu yake inaisha ndani ya kama saa 16 hadi 20, hivyo baada ya siku chache hujui kitu.

Njia bora ni metilesheni ya jeni AHRR, sehemu inayoitwa cg05575921. Mtu akivuta, alama hiyo kwenye DNA ya chembe nyeupe inashuka kadiri ya wingi wa sigara, na akiacha inarudi taratibu kwa miezi na miaka. Kinachoishusha ni kemikali za moshi, zile hidrokaboni zenye pete nyingi zinazoamsha njia ya AHR (kipokezi cha kemikali hizo ndani ya chembe), na si nikotini yenyewe. Ndiyo maana wanaotumia ugoro hawaoneshi mshuko kama wa wavutaji. Mkulima mwenye kotinini juu na AHRR isiyoshuka, kama hatumii ugoro, huyo huenda amefyonza kwa ngozi.

Ila moshi wa kuni una hidrokaboni hizo hizo. Anayelala akichochea mabani ya kukaushia tumbaku, au anayepikia ndani kwa kuni, anaweza kushusha namba kidogo. Jumuisheni wasiovuta wanaofanya kazi kwenye mabani kama kundi la kulinganisha, na ulizeni jiko la nyumbani. Gharama yake ni ndogo, na bila hilo mhakiki atawarudishia andiko.

Kiufundi: DNA inapitishwa kwenye bisalfaiti, inayogeuza sitosini zisizo na metili kuwa urasili na kuziacha zenye metili. Kosa la kawaida ni ugeuzaji kutokamilika, ambapo kila mtu anaonekana na metili nyingi. Wekeni kwenye kila sahani DNA yenye metili zote na isiyo na metili kabisa. Rekebisheni pia kwa mgawanyo wa chembe nyeupe, ule wa picha ya damu aliosema Jeni_Kitete, kwa kuwa kila aina ya chembe ina kiwango chake.

Pombe: PEth. Si jeni, ni mafuta ya ukuta wa chembe nyekundu yanayojiunda pale tu ethanoli inapokuwepo, na inaonekana hadi wiki 2 hadi 4. Chini ya nanogramu 20 kwa mililita ni kutokunywa au kunywa kidogo, 200 na zaidi ni unywaji mzito. Gongo au bia ya dukani, yote sawa kwake. Kama kuna ethanoli ndani ya kichupa, PEth inaendelea kujitengeneza humo humo ikikaa nje ya baridi, kwa hiyo aliyekuja amelewa damu yake iwahi kwenye baridi au iwekwe kwenye kadi mapema.

Jeni_Kitete

Swali la nne halijajibiwa. Marekani, mwezi Desemba 2023, mamlaka ya dawa iliruhusu kipimo kiitwacho AvertD. Kinatumia chembe za ndani ya shavu zinazopanguswa kwa pamba, si damu, kinaangalia alama 15, na kimekusudiwa watu wazima tu kabla ya kuanza dawa za maumivu za jamii ya mofini kwa muda mfupi. Kamati ya washauri ilikuwa imekipigia kura ya kukikataa 2022. Januari 2025 ukachapishwa uchambuzi wa alama hizo 15 kwa wanajeshi wastaafu zaidi ya 450,000 wa huko: kati ya kila watu 100 waliobashiriwa, kama 47 walibashiriwa vibaya. Kurusha shilingi kunakaribia hapo, na ni bure.

Shida kubwa kwetu ni kwamba alama za aina hiyo hutofautiana kwa asili ya mtu kuliko kwa uraibu. Kipimo kinaweza kuwa kinatambua babu zako walitoka wapi huku kikikupa karatasi iliyoandikwa "hatari kubwa". Kwa mtoto wa miaka 15 wa Kasulu au Nzega, karatasi hiyo haina faida yoyote, na inaweza kumharibia nyumbani na shuleni. Waambieni wazazi wasilipe.

Sampuli_Ujiji

Na sheria zisisahaulike. Kuna Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009, na msimamizi wake ni Mkemia Mkuu wa Serikali. Si kila maabara inaruhusiwa kuchukua na kuchambua DNA ya mtu. Hakikisheni maabara ya Dar es Salaam mnayoitumia imo kati ya zinazoruhusiwa. Kibali cha maadili kinaombwa NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba), na kama DNA yoyote itatoka nje ya nchi mnahitaji makubaliano ya kuhamisha sampuli kabla ya kichupa cha kwanza, si baada. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, taarifa za vinasaba ni taarifa nyeti. Majina yabaki kwenye daftari moja lililofungiwa Kigoma, Dar es Salaam iende namba tu. Fomu ya ridhaa iseme wazi kuwa matokeo hayaendi polisi wala kwa mwajiri, na isisainiwe na mtu aliye kwenye arosto au aliyelewa. Mpeni miadi ya siku nyingine.

Takwimu_Urambo

La mwisho la kiufundi. Msipange wanaotumia wote sahani ya kwanza na wasiotumia sahani ya pili. Sahani mbili hazifanani hata siku moja, na tofauti hiyo itajifanya tofauti ya uraibu. Changanyeni kwa bahati nasibu, Kigoma na Tabora pia, wekeni visima vya maji matupu visivyopungua viwili kwa kila sahani, na rudieni sampuli 12 bila mpimaji kujua ni zipi. Jenotipu zisipolingana hata kwenye moja, tafuteni sababu kabla ya kuendelea.

Na lebo: wino wa kalamu ya kawaida unafutika kwa spiriti, na karatasi ya gundi ya kawaida inabanduka kwenye -80. Nunueni lebo za kugandisha, na namba iandikwe kwenye kichupa chenyewe, sio kwenye kifuniko.